Ombi la Cheti cha Ubovu kwa Kamera Inayokataa Kuharibika

Kwa Meneja,
Idara ya Malalamiko ya Wateja,
Kampuni ya Kamera za Video.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KAMERA YENU KUFANYA KAZI KUPITA KIASI NA KUVURUGA FAMILIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kinachozunguka, na hujagombana na mtu yeyote wa nyumbani kwako. Mimi si mzima sana. Mwili hauna neno, ila roho imevurugika, na iliyonivuruga ni bidhaa yenu.

Mimi ni kinyozi. Nanyoa watu wazima, watoto na mabwana harusi, na tangu nianze kazi sijawahi kuiandikia kampuni yoyote barua ya malalamiko, ingawa nimewahi kuuziwa pasi isiyopata moto na feni inayopuliza kwa nyuma. Nilivumilia. Kitu kikiharibika unakitupa juu ya kabati, unasonya, maisha yanaendelea. Lakini hii kamera yenu ya kushika mkononi, yenye skrini ya kufunua ubavuni, imekataa katakata kuharibika, na kwa sababu hiyo dada yangu hasemi nami.

Nieleze kwanza huyo dada ni nani, ili uzito wa jambo uonekane. Ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, nikiwa bado sijui kufunga vifungo vya shati. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Kila shuka lililotoka mle lilikuwa limenyooshwa, limekunjwa pembe kwa pembe, limepigwa muhuri. Na nyumbani hivyo hivyo: sisi sote tumenyooshwa, tumekunjwa na tumepigwa muhuri. Kila asubuhi alikuwa akinipigia simu kuuliza kama nimekula na kama nimefagia nywele za jana. Ndevu zangu zina mvi, jamani, na bado aliuliza.

Mwezi uliopita alistaafu. Tukamfanyia sherehe nyumbani kwake, nami nikanunua kamera yenu ili nimpigie video ya kumbukumbu. Nilipiga vizuri tu: keki, hotuba, wageni, keki tena. Kisha nikafunga skrini, nikaiweka kamera juu ya kabati la vyombo katika chumba cha kulia, kati ya chupa ya chai na bakuli la sukari, nikakaa kula na shemeji, yaani mume wa dada. Jumapili iliyofuata familia nzima ilijazana sebuleni kwa dada kuangalia video kwenye televisheni. Keki ikakatwa, tukapiga makofi, na badala ya video kuisha, nikajiona mimi, natafuna.

Malalamiko yangu yanaanzia hapo, nami nayaorodhesha ili msije mkasema sikueleweka.

1. Kuzima. Mtu mwenye akili timamu akifunga kitu anategemea kwamba kimefungwa. Mlango uko hivyo, sanduku liko hivyo. Skrini ya kamera yenu ukiifunga, kamera inaendelea na shughuli zake kana kwamba hukusema kitu. Nimeambiwa kwamba maelezo yamo kwenye kijitabu, kule katikati ambako hakuna binadamu aliyewahi kufika. Nimeambiwa pia kwamba kuna taa nyekundu ya kumtahadharisha mtu. Ni kweli, ipo. Niliiziba kwa plasta, ile ninayowabandika wateja niliowakata kwa wembe, kwa sababu wageni walikuwa wakiikodolea macho taa badala ya kutabasamu. Sasa kampuni kubwa kama yenu ilishindwa nini kuweka taa ya pili kwa ajili ya watu kama mimi?

2. Betri. Mashine yangu ya kunyolea huishiwa chaji katikati ya kichwa. Mteja husubiri akiwa amenyolewa upande mmoja, tunapiga soga, tunazoeana. Huo ndio uungwana wa betri. Ya kwenu, boksi linadai hudumu mchana kutwa, nami niliposoma nilicheka, maana nani anaamini maandishi ya boksi? Kumbe mlikuwa hamtanii! Ni biashara gani hii ya kumpa mteja kile kile mlichomwahidi bila hata kumwonya?

3. Maikrofoni. Chumba kilikuwa na muziki, vijiko, feni, na watoto wakipiga mayowe chini ya meza. Mimi nilinong'ona, tena mdomo umejaa. Boksi linasema kamera hupunguza kelele zisizo na maana na kuacha sauti muhimu. Nauliza kwa heshima zote: nani aliipa madaraka hayo? Iliamua kwamba sherehe nzima ni kelele na kwamba umbea wangu ndio muhimu. Muziki ukafifia, watoto wakafifia, nikabaki mimi nasikika kama msomaji wa taarifa ya habari.

Ngoja nitaje nilichosema, kwa kuwa mtakihitaji katika uchunguzi. Nilimwambia shemeji kwamba gauni la dada limeshonwa kwa pazia letu la zamani. Nilisema kwamba alipokuwa akihutubia hata saa ya ukutani ilisinzia. Nilisema kwamba kule hospitali leo mashine za kufulia zinasherehekea, kwa sababu zamu ya kusuguliwa sasa ni yetu. Haya yote yalipokelewa vizuri pale sebuleni. Dada mwenyewe alicheka mpaka akatafuta leso. Kisha yule mimi wa kwenye televisheni akameza, akanywa maji, akasema kwamba dada amemchosha kwa kumfuatafuata, na kwamba yeye hakumwomba mtu amlee.

Hapo hakucheka mtu. Dada aliinuka akazima televisheni kwa kidole chake, ingawa rimoti ilikuwa mapajani mwake. Akaifunika kwa kitambaa chake, akakivuta hadi pembe zikakaa sawa, akaenda zake jikoni. Tangu siku hiyo simu yangu ya asubuhi haijalia. Nafagia nywele bila kuulizwa na mtu, na sijui nikuambieje, Ndugu Meneja, lakini siku hizi nywele haziishi.

4. Kutafuta nyuso. Kamera yenu ina ufundi wa kumtambua binadamu na kumng'arisha, huku vingine vyote vikiwa ukungu. Pale mezani palikuwa na vitu vingi vya kutazamwa. Maua yalikuwepo, ya bei mbaya. Ikanichagua mimi! Maua ukungu, shemeji nusu ukungu, mimi naonekana hadi chembe ya keki kwenye sharubu. Nikiinama inanifuata, nikigeuka inanifuata. Nilipomfuata dada jikoni kumweleza kwamba yule pengine ni mtu mwingine mwenye sauti kama yangu, shemeji akauliza kwa upole kama huyo mtu mwingine aliazima na pua.

5. Tarehe na saa. Nilipoona hilo limegonga mwamba, nikadai kwamba ni maneno ya zamani, ya siku niliyokuwa na homa. Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akafunua skrini ya kamera, akanyoosha kidole kwenye kona ya picha. Kumbe mmeandika tarehe na saa, kwa tarakimu nyeupe, kubwa, zisizo na huruma. Na ile saa ya ukutani niliyoisingizia kwamba ilisinzia ilikuwa nyuma yangu, macho makavu, inasema vile vile.

6. Uimara. Hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu. Nilijipa moyo kwamba kamera itaharibika hata kama imechelewa, ili niseme ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ikaniponyoka kwenye sakafu ya saluni. Nikaiokota, inafanya kazi. Ikaniponyoka kutoka juu ya kiti cha wateja. Ikaniponyoka kutoka juu ya ngazi ninayopandia kubadilisha taa, mikono yangu ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa. Baadaye ikatumbukia kwenye beseni la taulo chafu na kukaa humo wakati nanyoa wateja wa asubuhi. Nilipoitoa nikakuta imerekodi taulo, povu, na sauti yangu nikiitukana, bila kuruka hata neno moja. Mke wangu alisema kwamba anamjua anayestahili kutumbukizwa, na kwamba si kamera.

7. Tabia kwa jumla. Mimi nina kioo kidogo cha kumwonyesha mteja kisogo chake baada ya kunyoa. Mteja akiwa na upara nyuma, nakiinamisha kidogo tu. Anaona shingo safi, anashukuru, anarudi tena. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi pamoja. Nyinyi wahandisi wenu wamesomeshwa mpaka wakaota miwani, na katika kamera nzima, pamoja na vitufe vyote vile, hakuna hata kimoja cha kuinamisha. Mnawauzia watu wenye familia! Mmewahi kufikiria kamera hizi zikienea kila nyumba? Nani atabaki na shemeji? Nani atabaki na jirani? Tutakuwa tunakula kimya kama wagonjwa, kila mtu anaviangalia vyombo vya kabatini kwa wasiwasi.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari kwa utulivu, naomba yafuatayo. Mniandikie barua rasmi inayothibitisha kwamba kamera yangu ni mbovu. Kwamba maikrofoni yake hutunga maneno na kuyatia vinywani mwa watu, hasa vinyozi. Na kwamba ile sentensi ya kulelewa iliongezwa kiwandani kwa bahati mbaya. Barua iwe na muhuri. Dada hakuwahi kupokea shuka lisilo na muhuri, na hataanza na barua. Ikiwezekana mtume mhandisi aje aombe radhi ana kwa ana. Avue viatu mlangoni, asikikalie kile kiti chenye kitambaa cha kufuma, na ale kila atakachopewa bila kuacha kitu kwenye sahani, maana dada hulichukulia vibaya. Na kamera mtakazotengeneza baadaye muziwekee kikohozi: mdogo wa mtu akianza kumsema mkubwa wake, ikohoe. Sidhani kama naomba makubwa.

Nakala ya barua hii, kurasa zote, nimeshampa shemeji ampelekee dada, ili ajue kwamba suala letu liko mikononi mwa wataalamu.

Nawasalimu wote hapo kazini: wahandisi, wanaofunga maboksi, mama anayewapikia chai, mlinzi wa getini, na yule aliyechora ile familia inayocheka kwenye boksi. Mwambieni nami ningependa kujua wanacheka nini.

Wenu mwenye masikitiko,
Kinyozi, saluni yenye mlango wa kijani.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeiwasha tena video ili niwaandikieni mahali hasa palipotokea kosa. Safari hii nilikuwa peke yangu saluni, hakuna wa kunizimia, ikapita pale dada alipoizima siku ile. Najiona nainuka kwenda kupanga viti uani. Chumba kinabaki na sahani. Kisha dada anaingia kuzikusanya, shemeji nyuma yake, na shemeji anamwambia kwamba huyu mdogo wako ana mdomo usio na breki. Hakusema zaidi, kwa sababu shemeji si mchongezi. Dada anapanga sahani, kubwa chini, ndogo juu, anamwambia amwache, siku atakayonyamaza ndipo tujue anaumwa. Halafu anasema, bila kuulizwa, kwamba watu humsifu kwa kunilea kana kwamba alitwishwa mzigo. Hakutwishwa na mtu. Mama alipofariki, ndugu walitaka nipelekwe kwa mjomba, yeye akakataa, akasimama mlangoni, kwa sababu alinitaka.

Sikulijua hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Uso wake unaonekana wazi kabisa, maua ni ukungu, watoto hawasikiki, na saa ya kwenye kona inaonyesha kwamba wakati anayasema hayo mimi nilikuwa bado uani na viti.

Nilimpigia simu hapo hapo, na akapokea. Nikamweleza nilichokisikia. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba yeye hajawahi kutamka kitu kama hicho, hayo ni ya mashine. Hiyo kamera hutunga maneno na kuyatia vinywani mwa watu, jambo limeshaandikwa, barua yangu anayo mkononi. Akakata simu.

Ndugu Meneja, nakuomba, futa yote niliyoandika hapo juu. Betri, maikrofoni, saa, yote. Niandikieni barua nyingine kwamba kamera hii haiongezi neno wala haipunguzi, hata ukiitumbukiza kwenye beseni. Pale niliposema sikumwomba anilee, andikeni kwamba nilisema, ni mimi, na pua ni yangu. Na pale aliposema alinitaka, andikeni kwamba alisema. Mpelekeeni yeye kwanza, mimi hata nakala itanitosha. Na muhuri, tafadhali, msisahau muhuri.