Punda Asiyeniitikia

Jumanne, 8 Julai 2025. Songambele.
Nimepata punda! Mzee Twizeyimana wa Bugomora anahamia kwa binti yake Kayanga, na huko hakuna pa kufugia. Katoa sharti moja: Jumapili baada ya ibada atapita hapa. Akikuta punda ananifuata kwa hiari, ni wangu. La sivyo, anampa mwingine. Mke wangu Kokuhirwa kafurahi mno. Shingo imemchoka kupandisha mikungu ya ndizi hadi barabarani. Kichwa changu mimi ni cha kufikiria.

Nilimuuliza mzee mnyama anaitwaje. Akasema, shikamoo. Mzee wa umri ule! Masikio yamekwisha, maskini. Nikaitika marahaba. Hatimaye kuna mtu kaiona heshima yangu. Punda nimempa jina Injinia. Kaning'ata kiwiko.

Jumatano, 9 Julai.
Nimeita Injinia asubuhi nzima. Hata sikio hakutikisa. Nikatia ndizi mbivu mfuko wa nyuma ili anifuate. Alinifuata kweli. Kala ndizi, kala mfuko, na suruali kidogo.

Kisha Kokuhirwa akatoka uani, akamwamkia jirani yetu Nolasco. Huyu Nolasco nimemzidi umri, ila ni baba mdogo wa mke wangu, basi anadai na mimi nimpe shikamoo. Mimi! Naota ndevu, yeye bado ananyonya! Sijampa, na hapati. Sasa mke wangu kasema tu shikamoo baba mdogo, punda huyo, mbio, hadi ubavuni mwa mke wangu! Nolasco kacheka. Kuna kitu kamlisha punda.

Alhamisi, 10 Julai.
Leo rubisi. Pombe ya ndizi hulainisha hata wakwe. Nimemmiminia kwenye beseni. Kanusa, kanigeuzia mgongo. Kumwaga ni dhambi. Nimeinywa mwenyewe. Mchana siukumbuki.

Ijumaa, 11 Julai.
Nimegundua! Anachopenda ni kitenge cha Kokuhirwa. Nikakivaa, na kilemba juu. Nikamwendea taratibu, kwa maringo. Teke! Nikaangukia samadi. Nolasco, kutoka upande wake wa ua, kauliza kwa upole kama mama hajaumia.

Wakati huohuo wanafunzi wakapita, wakamwamkia Nolasco. Punda akakata kamba kuwakimbilia. Ebo! Kahonga hadi watoto! Nimekwenda kumshtaki kwa Placidia, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Akataka ushahidi. Nikamwonyesha suruali. Akaniambia nikapumzike.

Jumamosi, 12 Julai.
Kokuhirwa kapandisha mikungu miwili barabarani, mgongoni mwa punda. Kaimba njia nzima. Nikamuuliza dawa kaitoa wapi. Akasema hakuna dawa, punda anaitwa Shikamoo. Mzee alimpa jina hilo ili wajukuu wazoee adabu. Akasema kaambiwa na mzee mwenyewe, na kwamba mimi nilitajiwa Jumanne.

Nimekaa chini. Kumbe hakuniamkia! Hili limeniuma kuliko teke. Basi kesho ni neno moja tu, na punda ni wetu. Lakini banda limepakana na ua wa Nolasco. Nikiita, atasikia. Ataitika.

Jumapili, 13 Julai.
Mzee kaja. Nikampa shikamoo yake, punda akageuka, akaona ni mimi, akarudi kula. Mzee akasema hapana, mwite punda. Kokuhirwa ananitazama, kajishika shingo. Nolasco katoa kiti nje, kakunja nne, anasubiri. Nikafungua kinywa. Shi... Nolasco akakaa vizuri. Shika... Midomo ikamcheza. Shika kamba, nikamwambia mke wangu.

Mzee akatikisa kichwa. Nolasco akaita Shikamoo mara moja, bila hata kuinuka. Punda akaenda, akamlazia kichwa begani. Mzee akabariki, punda akawa wa Nolasco. Kokuhirwa kaingia ndani, kalia. Nikafagia banda.

Jumatatu, 14 Julai.
Usiku Kokuhirwa kasema akaazime punda kwa baba yake mdogo, angetupa bila neno. Nimekataa. Mkubwa haazimi kwa mdogo.

Halafu, kulipokucha, nikamsikia Nolasco anaita kwa sauti kubwa, kitongoji kizima kinasikia: Shikamoo! Shikamoo! Lo! Nikaruka hadi uani, nikanyoosha kola. Marahaba, Nolasco, marahaba! Tamu ajabu. Kokuhirwa alikuwa anapita na mkungu kichwani. Hakusalimia mtu.

Kesho nitaamka mapema zaidi.