Kamati ya Kumchagulia LaVonne Upinde

Kwa mamlaka niliyopewa na Halmashauri ya Mji wa Teal Fork, mamlaka ambayo mpaka sasa hakuna aliyenitaka rasmi niyarudishe, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mji wetu umefanikiwa kumpatia mkazi mmoja upinde mmoja. Kazi hiyo ilichukua miezi kumi na mmoja. Wapo wanaosema ingeweza kufanyika kwa dakika kumi, lakini hao hawajui maana ya mchakato.

Naitwa Milo Hruska, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Uteuzi wa Upinde Nafuu. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, watu mia mbili na kumi walirudi nyumbani na vikopo vyao vya chakula. Hapa kwetu, kaskazini mwa Wisconsin, mtu akikosa mshahara huangalia msitu. Kulungu ni wengi kuliko sisi, na wawili wakiingia kwenye friza, familia inavuka majira ya baridi bila kumkwepa muuza nyama kwa deni. Msimu wa bunduki ni siku tisa tu mwezi wa Novemba, tena siku hizo msitu una watu wengi kuliko kanisa. Msimu wa upinde ndio mrefu, unaanza katikati ya Septemba na kwenda mpaka Januari. Basi Halmashauri ikaamua kwamba kila aliyeachishwa kazi apewe kuponi ya kununulia upinde wa kapi, ule wenye vigurudumu nchani na nyuzi zinazopishana. Sharti lilikuwa moja dogo: upinde uthibitishwe na kamati kuwa ni nafuu. Ndipo tukaundwa sisi, wanaume watano wenye ajira.

Mwenyekiti alikuwa Thurman Aldinger, wakala wa bima, mtu mrefu ambaye huinama akipita mlangoni hata kama mlango unamtosha. Hatukumpigia kura, maana nani mwingine? Ofisini kwake kuna vichwa ishirini na vitatu vya kulungu vyenye macho ya kioo. Kila vuli hutoweka siku kumi na gari lake, akarudi na kichwa kipya na kikohozi. Akizungumzia msitu hushusha sauti, nasi tulikuwa tukishusha vichwa.

Kikao cha kwanza kilikuwa Oktoba. Kabla sijamaliza kusoma ajenda, akaingia LaVonne Tesmer. LaVonne ni mwanamke mfupi, aliyeendesha mashine ya kukata karatasi kwa miaka kumi na tisa. Mumewe, Rollie, aliumia mgongo kiwandani humo humo, na bunduki yao waliiuza ili wanunue mafuta ya kupasha nyumba joto. Wana mabinti wawili wanaokula kama wakata mbao.

"Upinde nimeshaupata," akasema. "Uko dukani kwa Gordy, nyuma ya kituo cha petroli. Umetumika, lakini mzima. Nimeuvuta mara ishirini, umenikaa. Uzito wa kuvuta ni paundi hamsini. Bei yake haifiki hata nusu ya kuponi. Nipigieni muhuri niende zangu."

Tukatazamana. Sijawahi kuona mtu akiidharau kamati waziwazi namna ile.

"Bi. Tesmer," Mwenyekiti akasema kwa upole, "unatuletea jibu wakati swali bado halijaundwa."

"Swali gani tena? Mnataka upinde wa bei nafuu. Ule pale, umening'inia kwenye msumari."

"Na nafuu ni nini?"

"Nafuu ni nafuu, Thurman! Usinizungushe bwana."

Niliandika kwamba mwombaji alishindwa kutoa fasili. Tukaunda kamati ndogo ya Fasili ya Unafuu, ambayo ilikutana mara saba na kutoa taarifa ya kurasa arobaini. Ilibainisha kwamba kitu ni nafuu pale gharama yake inapolingana na thamani ya unafuu wake. Kazi nzuri sana, nilisaidia mimi mwenyewe kwenye ukurasa wa thelathini.

Kisha tukahitaji kujifunza kwa wenzetu. Kamati ikasafiri kwenda maonyesho ya pinde jangwani Nevada, siku nne, kwa bajeti ya kuponi tisa za kwanza. Tulijionea mengi. Kamba wa baharini kwenye bafe ya pale ni wakubwa na unarudi kuchukua tena bila kuulizwa. Pinde pia zilikuwepo.

Majira ya baridi yakapita. Akina Tesmer walikula viazi, maharage, na kulungu mmoja aliyegongwa na gari la barua. LaVonne alikuja kila kikao. Gordy Wiitala, yule mwenye duka, alikuwa ameutoa ule upinde kwenye msumari na kuuficha chini ya kaunta ili asije mtu akaununua. Tulimwandikia barua ya onyo kwa kuhodhi bidhaa iliyo chini ya uchunguzi.

Mwezi Juni tukateua. Utaratibu wetu ulikuwa wa kisayansi: tulipima urefu wa mikono ya wajumbe wote watano, tukatafuta wastani, kisha tukaupandisha kidogo ili Mwenyekiti asibanwe. Tukapata upinde wenye urefu wa kuvuta wa inchi thelathini na moja na uzito wa kuvuta wa paundi sabini, mweusi, wa kupendeza. Tukaagiza hamsini. Kwa kuwa tulinunua kwa wingi, kila mmoja ulitugharimu mara tatu tu ya ule wa Gordy.

Agosti tukamwita LaVonne aujaribu. Alisimama katikati ya ukumbi, akashusha pumzi, akavuta. Uzi haukusogea. Akavuta tena mpaka shingo ikatoa mishipa. Gordy, aliyekuja bila kualikwa, hakuvumilia.

"Jamani, huyu mama mikono yake ni ya inchi ishirini na sita! Upinde ni kama kiatu, unampima mtu kwanza. Hata angeweza kuuvuta, angekuwa anaupiga mshale pembeni mpaka mwakani."

"Serikali haiwezi kushughulika na mkono wa kila mtu," Mwenyekiti akajibu. "Tumechagua mkono wa wastani."

"Mkono wa wastani wa nani? Wako wewe mlingoti?"

Nilimwambia Gordy akae. LaVonne nikampa Fomu Namba Sita, inayomruhusu mkazi ambaye mikono yake haijakidhi viwango kuomba msamaha wa viwango, ikiambatana na barua ya daktari kuthibitisha kwamba mikono ni yake. Aliikunja ile fomu mara mbili. Kisha akazungumza polepole, na sauti haikuwa ya ugomvi tena.

"Milo, we mtu wangu. Tumesoma darasa moja. Friza yangu ina barafu na mfuko mmoja wa njegere. Posho ya Rollie inaisha mwezi huu. Msimu unafunguliwa Jumamosi ya wiki ya tatu ya Septemba. Mimi najua kuwinda, mama yangu alinifundisha. Sihitaji msaada. Nahitaji muhuri."

Nakiri kwamba nilisikia kitu kifuani. Nikakiandika chini ya Mengineyo, tukaenda kula.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, ndani ya ukumbi wa mji. Ijumaa ni siku ambayo mji mzima hula samaki wa kukaanga humo, kwa hiyo watu wote wangekuwepo hata kama tungezindua ndoo. Sahani zilijaa, brandi ikamiminwa, watoto wakakimbizana chini ya meza. Pinde hamsini zilipangwa ukutani. Mwenyekiti angewaonyesha wananchi jinsi ya kuvuta na kuachia, na kwa kuzingatia usalama wa walaji, nilikuwa nimeandaa Azimio Namba Kumi na Nne: mshale wowote usiingizwe ukumbini. Sote watano tulilipitisha kwa makofi.

Mwenyekiti akapanda jukwaani. Akashusha sauti, akasema maneno machache kuhusu ukimya wa alfajiri na heshima kwa mnyama. Watu wakaacha kutafuna. Kisha akaunyanyua upinde mtupu, akauvuta. Aliuvuta wote, maana mwili anao. Vigurudumu vikazunguka, nyuzi zikakaza.

Gordy akaruka kitini. "Thurman! Usiachie!"

"Rudisha polepole!" LaVonne akapaza sauti kutoka meza ya nyuma. "Usiachie uzi, Thurman! Hauna mshale!"

Niligonga meza. Niliwakumbusha wote wawili kwamba hawakujiandikisha kuzungumza, na kwamba suala la mshale lilikwishaamuliwa na Azimio Namba Kumi na Nne.

Mwenyekiti akanitazama kwa shukrani. Akaachia.

Mlio ulikuwa kama wa mlango wa chuma uliopigwa teke. Upinde ulivunjika palepale mikononi mwake. Kigurudumu kimoja kiliingia kwenye bakuli la kachumbari ya kabichi, cha pili mpaka leo hakijapatikana. Uzi ulimchapa mkononi, miwani ikaruka, na yeye akabaki ameshika mpini, damu ikimchirizika kwenye shati jeupe.

Nilitegemea watu wangecheka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Watu mia mbili walibaki na uma hewani.

Hapa Teal Fork mtoto wa miaka sita hufundishwa mambo mawili kabla hajagusa upinde. La kwanza, usimwelekezee mtu. La pili, usiachie uzi bila mshale, kwa sababu ile nguvu isipopata mshale wa kuubeba inarudi na kuuvunja upinde. Mtu anaweza kuwa mlevi, anaweza kukosa kulungu kwa hatua tano, anaweza kumpiga ng'ombe wa jirani, yote hayo yamewahi kutokea na tunasameheana. Lakini hilo la pili hakuna mwindaji anayelisahau. Haya nimeelezwa baadaye.

Bibi Hildegard Froemming, mwenye miaka themanini na minane, aliweka uma wake chini.

"Thurman," akasema, "wewe hujawahi kuwinda."

Hakuwa anauliza. Mwenyekiti akafungua mdomo. "Kitaalamu, Bibi Froemming, kuwinda ni dhana pana..."

"Anaogopa msitu," akasema mkewe, Carlotta, bila kuinua macho kwenye sahani. "Miaka ishirini na mitatu. Anakaa hotelini Duluth, anaangalia televisheni. Vichwa ananunua kwa wajane wa wawindaji. Samahani, Thurman, nimechoka kuvifuta vumbi."

Ndipo macho ya watu yakaanza kuhama. Yalitoka kwa Mwenyekiti, yakaja kwenye meza yetu, yakatupitia mmoja mmoja.

"Na nyie wengine?" akauliza Gordy. "Nani kati yenu alimwambia asiachie?"

Mjumbe wa kwanza akatazama dari. Wa pili akasema yeye anashughulika na masuala ya fedha. Wa tatu akakumbuka ana mbwa nyumbani. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nikaendelea kuandika, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nachora mistari tu. Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu sikuiandika siku ile.

LaVonne akaja mbele. Nilidhani anakuja kutusimanga, na alikuwa na haki. Alichukua kitambaa cha meza, akaushika mkono wa Mwenyekiti, akaufunga barabara kama mtu aliyewahi kuona mikono ikiumia mashineni. Akamkalisha kwenye kiti. Kisha, mkono mmoja ukiwa bado umekandamiza jeraha, akanyoosha wa pili kwangu.

"Muhuri, Milo."

"LaVonne, akidi..."

"Muhuri."

Nikatazama kulia na kushoto. Viti vitatu vilikuwa vitupu. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga, sijui ni ya mkono au ya nini. Nikampa. Aliupiga mwenyewe kwenye kuponi yake, mara moja, na Gordy akaondoka mbio kwenda kufungua duka huku akiwa bado na samaki mdomoni.

Jumapili asubuhi kulungu jike mnene alikuwa amening'inizwa gereji kwa akina Tesmer, Rollie akimchuna akiwa amekaa kwenye kiti. Wiki iliyofuata akapatikana wa pili. Soseji zilitengenezwa, friza ikafungwa kwa kusukumwa na goti, na kifurushi kimoja kilipelekwa kwa Carlotta Aldinger bila maelezo yoyote.

Kuhusu kamati, baadhi ya wadau walitarajia ivunjwe. Mkutano wa mji ulikataa. Bibi Froemming alisema kuvunja ni rahisi mno, akapendekeza ifundishwe, na hoja ikapita kwa mikono yote. Kwa hiyo kila Jumamosi saa nne tunasimama kwenye uwanja wa shule, wanaume watano katikati ya watoto wa darasa la kwanza, na mwalimu wetu ni LaVonne. Mwenyekiti bado amefungwa bendeji mkononi, kwa hiyo yeye anaokota mishale. Anaokota vizuri.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu. LaVonne alinipima mikono kwanza, akaguna, akanipa upinde wa kijani wa watoto, paundi kumi na tano. Nilivuta mpaka masikio yakawaka moto. Uzi ulisogea inchi mbili. Nilieleza kwamba tatizo ni la kimfumo, nikaomba liingizwe kwenye muhtasari.

Hapakuwa na mtu anayeandika.