Terence Clegg na Mapaa Mawili ya Southport

Terence Clegg alijaliwa masikio mawili kama sisi sote, ila ya kwake yalikuwa yameajiriwa. Kila Jumatano asubuhi aliyapeleka kazini kwenye mkahawa wa duka la miche na maua, nje kidogo ya Southport, ambako wastaafu wa pwani yote ile hukutana kula skonzi na kuzisengenya nyumba zao. Wengine walikwenda pale kununua mbolea. Terence alikwenda kuvuna.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, hata siagi haijakolea kwenye skonzi yake, meza ya kushoto ikapaza sauti.

"Kile si chumba, ni adhabu!" Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, koti la buluu, nywele nyeupe zimepangwa kama keki ya harusi. Alikuwa akimwambia mhudumu, lakini hata samaki wa kwenye bwawa la maonyesho walimsikia. "Paa zima kioo! Jana nimeacha mshumaa mezani, nimerudi nakuta mchuzi. Na Januari humo ndani maziwa hayahitaji friji. Namtafuta mtu aniwekee paa la vigae kabla ya mwezi wa saba, nami nitamlipa taslimu!"

Neno taslimu likaingia kwenye sikio la Terence, likavua viatu, likakaa.

Hajamaliza kulikaribisha, meza ya kulia nayo ikaanza. Mzee mrefu, mwembamba kama mpini wa reki, alikuwa akiligombeza gazeti lake.

"Chumba cha jua, wanakiita! Kina paa la vigae, jua lenyewe halijawahi kukanyaga humo. Miche yangu ya nyanya imepauka, imerefuka shingo kama watu wanaochungulia basi. Na maonyesho ya nyanya ni mwezi wa nane! Ningempata wa kuniwekea paa la kioo, taslimu ningemlipa."

Terence akawatazama wote wawili kwa huruma. Viziwi, akajiambia. Wazee wanapoanza kutosikia, hudhani dunia nzima ndiyo haisikii.

Kabla chai haijapoa masikio yake yalikuwa yameshaokota kwamba wote wawili waliishi kwenye nyumba zilizojengwa na mkandarasi mmoja, kwa ramani moja, vipimo vilevile hadi msumari wa mwisho. Kuta zilezile, nguzo zilezile, tofauti paa tu. Huyu ana kioo, anataka vigae. Yule ana vigae, anataka kioo. Mtu mwaminifu angewatambulisha wanywe chai pamoja. Terence akaona afadhali amuuzie kila mmoja paa la mwenzake, kwa bei ya jipya.

Tumpe haki yake, alikuwa na uzoefu. Mwaka uliotangulia alimuuzia bibi mmoja wa Ormskirk mlango "mpya kutoka kiwandani", mlango ambao wiki ileile alikuwa ameung'oa kwenye nyumba nyingine, tena akalipwa ada ya kwenda kuutupa. Ulipitisha upepo kama filimbi. Lakini mlango ulikuwa mazoezi tu. Kulikuwa na baa ndogo huko kwenye kisiwa cha Tenerife ambayo Terence alikuwa ameiposa kwa muda mrefu. Akiba yake ya pauni elfu sita haikutosha mahari. Mapaa mawili yangetosha, na sherehe ingefanyika.

Kesho yake alikuwa nyumbani kwa yule mama, Muriel Entwistle, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Akaliinulia macho paa la kioo, akatikisa kichwa kama aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Mama, mimi kudanganya sijui. Hiki kioo ni muuaji. Kazini kwetu tuna usemi: kiangazi huwa jiko, kipupwe huwa barafu."

"Umetunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Una kipaji. Endelea."

"Mvua ikinyesha, televisheni unaona midomo tu. Shakwe akitua unamwona nyayo, na mengine usiyoyataka. Lakini vigae, mama! Chini ya vigae unaweka hata kitanda, unalala kama mtoto."

"Kitanda ndicho ninachokitaka," akasema Muriel, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Dada yangu yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kifua chake kibovu. Nataka aje akae na mimi mwezi wa saba, na sina chumba kingine ila hiki. Daktari amesema kwa joto la humu hamalizi wiki. Nisipopata paa, atabaki kulekule mpaka mwisho wake."

Terence akaweka mkono kifuani. Alikuwa na mkono maalumu kwa kazi hiyo.

"Kwa ajili ya dada yako, ngoja nimbembeleze meneja." Akatoa simu, akapiga namba ya ile mashine inayosoma utabiri wa hali ya hewa, akabishana nayo dakika tatu kwa uchungu mkubwa. "Alitaka elfu kumi na mbili. Amekubali tisa, lakini amekasirika. Na kibali cha halmashauri nitakutafuti—"

"Ninacho tayari." Muriel akakitoa kwenye droo.

Mtu mwingine angejiuliza mama huyu alikipata lini, na kwa ramani ya paa gani. Terence alikuwa anaiona bahari ya Tenerife.

"Basi kimebaki kianzio. Elfu tatu tu, mama."

Muriel akaleta bati la biskuti lenye picha ya farasi mweupe, akafunua. Lilikuwa limejaa noti hadi shingoni. "Elfu tisa hizi hapa. Ila marehemu mume wangu aliniusia nisimlipe fundi kabla sijakaa chini ya kazi yake. Weka paa, niletee risiti ya kiwandani, ulipwe yote siku hiyohiyo. Kama hutaki, kuna kijana mwingine anakuja saa kumi."

Terence akazitazama noti. Noti zikamtazama.

"Na iwe hivyo, mama."

Akaandika mkataba: paa jipya kabisa kutoka kiwandani. Maneno *jipya kabisa* akayapigia mstari mwenyewe, kwa madaha.

Akaenda kula chipsi na samaki ndani ya gari, akabadilisha shati, akabadilisha na kadi ya kampuni. Saa mbili baadaye alikuwa upande wa pili wa mji, kwa yule mzee mwembamba, Cyril Halliwell, akitikisa kichwa chini ya vigae.

"Mzee, hapa unafuga maiti. Kazini kwetu tuna usemi: chini ya vigae giza, ni makaburi ya mbegu."

"Wewe mshairi?"

"Watu husema hivyo."

"Watu wana huruma," akasema Cyril. "Na joto je? Nasikia kioo kinachemsha watu."

"Nani kakwambia? Wauza vigae hao, mzee! Matapeli wakubwa. Nuru ni uhai. Uliona wapi nyanya imekomaa chini ya paa la kanisa?"

Cyril naye hakutaka habari za kianzio. Mama yake mzazi, alisema, alimuusia asimlipe fundi kabla hajaona kazi na risiti. Kisha, bila neno jingine, akaweka mezani bati la biskuti lenye picha ya farasi mweupe, akafunua, akafunika. Terence akastaajabu kidogo jinsi marehemu wa mji ule walivyousia kitu kimoja, na jinsi wazee wote walivyopenda biskuti za aina moja. Kisha akaacha kustaajabu. Kustaajabu hakulipi.

Katikati ya mwezi wa sita alikodi lori lenye winchi na vibarua wanne. Vibarua walimjua, kwa hiyo walitaka chao mkononi kabla ya kugusa ngazi. Mwenye winchi alimjua zaidi, akataka na cha dharura. Akiba ya posa ya Tenerife ikaondoka yote asubuhi moja. Wenye nyumba wote wawili Terence aliwaamuru washinde nje kutwa, maana harufu ya gundi, alisema, hutoboa mapafu. Walikubali haraka mno. Inasemekana siku hiyo kuna mama mwenye koti la buluu na mzee mwembamba walioonekana ufukweni wakila barafu za maziwa, wakicheka kama wanafunzi waliotoroka shule.

Terence hakucheka. Saa tisa, nyumba zote mbili zikiwa hazina paa, mvua ya Lancashire ikafika kama ilivyo desturi yake, bila kubisha hodi. Akapanda ngazi mwenyewe kushika turubai, maji yakimwingia kolani na kutokea kwenye soksi. Lakini jioni kioo cha Muriel kilikuwa kwa Cyril, na vigae vya Cyril vilikuwa kwa Muriel. Vyote vimesuguliwa kwa sabuni, vimebandikwa nembo za dhahabu, na kupuliziwa yale manukato yanayoyapa magari makuukuu harufu ya dukani.

Jumatatu akavaa suti, akaenda kuvuna.

Muriel alimfungulia mwenyewe. "Ingia, mwanangu. Kazi nzuri. Pita tu, tuko ndani."

Chumba kilikuwa na ubaridi mtulivu. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa, na bibi mmoja kitandani kajifunika shali. Kando yake alikaa Cyril Halliwell, kipande cha keki mkononi.

"Mzee Halliwell?" Suti ya Terence ikaanza kumbana.

"Tumeona tukupunguzie petroli, bwana mdogo. Kaa."

Bibi wa kitandani akajiinua kwenye mto. "Umenenepa, Terence. Ule mlango wangu wa Ormskirk bado unapiga filimbi."

Terence alisahau majina ya watu kwa makusudi, lakini nyuso zilikuwa na tabia ya kumfuata. Uso huu ulikuwa wa yule bibi wa mlango, Doreen, na haukuwa na hasira. Ulikuwa umemchambua kitambo, ukamaliza.

"Upepo wake ndio ulionipeleka hospitali," Doreen akaendelea. "Miezi minne nimelala sina la kufanya ila kukuwaza wewe. Ndani ya tundu la barua la mlango ule, chini ya rangi yako, kuna jina la familia nyingine. Nikamwambia dada yangu: yule mtu huwinda mkahawani kila Jumatano, na hanunui kitu. Anahamisha."

"Sasa," akasema Muriel, akaweka mezani bati la farasi mweupe, akafunua. Noti zilikuwa palepale. "Tupe risiti za kiwandani, uchukue chako."

"Zimebaki ofisini, mama."

"Kazilete. Chai tunayo, tutangoja."

"Tuseme elfu saba, tusisumbuane."

"Tuseme risiti."

"Tano! Kwa nyumba zote mbili!"

Cyril akaelekeza keki juu. "Nyuma ya ile nembo yako ya dhahabu, kwenye boriti ya kona, nilichora kwa msumari mwaka niliotwaa kikombe cha maonyesho ya nyanya. Na kwenye kioo kilichoko kwangu, Muriel amekwaruza jina lake kwa almasi ya pete yake ya uchumba. Twende mahakamani tukavisome? Mkataba unasema jipya kabisa. Mstari umepiga mwenyewe."

Terence akalitazama bati. Lilikuwa moja. "Na la pili liko wapi?"

"Halijawahi kuwepo," akasema Muriel. "Ni hilihili lililopanda basi ulipokuwa unakula chipsi. Nasi tunahamisha, mwanangu. Pesa zenyewe ni za Doreen, za kumlipa muuguzi. Fundi wa halali wa kubadilishana mapaa tulimwuliza, bei yake hatukuiweza."

"Mmenidanganya!" Sauti ilimpasuka kwa uchungu wa kweli, uchungu wa mwizi aliyeibiwa, ambao hakuna msiba unaoufikia. "Wazee wazima! Mmenidanganya!"

"Wapi?" Muriel akauliza. "Nilisema nina joto, nilikuwa na joto. Cyril alisema ana giza, alikuwa na giza. Tulisema ukileta risiti tutalipa. Ungekuja na mbili, tungekwenda kukopa. Hukuja hata na moja. Tafuta uongo wetu humu ndani, ukiupata chukua bati."

Terence akatafuta. Akaupitia mwezi mzima kichwani, neno kwa neno, tangu skonzi ile. Aliukuta uongo mwingi, na wote ulikuwa na mwandiko wake.

"Nipeni basi hata ya winchi," akasema taratibu.

Muriel akafunika bati. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Waliiona ikitiririka kwenye madirisha, lakini juu yao kulikuwa kimya.

"Haisikiki kabisa," akasema Doreen, akifumba macho. "Muriel, mpe fundi keki. Kafanya kazi nzuri."

Akapewa keki, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Mlangoni Muriel akamgusa bega.

"Kiangazi huwa jiko, kipupwe huwa barafu. Ule usemi wako ni kweli tupu, mwanangu. Ndilo neno pekee la kweli uliloniambia, ukaona uliweke kwenye shairi."

Jumatano iliyofuata Terence alirudi mkahawani, kwa sababu mtaji uliombakia ulikuwa masikio tu. Aliagiza chai kavu. Hajaionja, meza ya kushoto ikapaza sauti.

"Mlango wa gereji yangu ni wa mbao, unaoza!" alilia mama mmoja mnene, akiiambia sukari. "Natafuta wa chuma, taslimu!"

"Na wangu wa chuma, unapiga kelele!" ikaitikia meza ya kulia. "Ningempata wa kuniwekea wa mbao! Taslimu!"

Terence akasimama. Akaacha chai, akaacha kofia, akapita katikati ya mifuko ya mbolea kwa mwendo usiolingana na umri wake, na mara ya mwisho kuonekana alikuwa akiruka toroli la mtu lililojaa maua.

Kwenye meza ya pembeni, nyuma ya mmea mkubwa wa kwenye chungu, Muriel Entwistle akaweka kikombe chini, jicho kwa yule mama mnene.

"Nilimwambia Edna," akamwambia Cyril, "asipayuke sana."