Kiwiko Changu na Namba ya Dobashi

Jumatatu, 26 Juni

Siku mbaya. Leo jioni Kocha Sakaki amegawa namba za mgongoni. Timu nzima tumepanga mstari, vipara vyetu vya kunyoa vinang'aa kwa jasho. Namba moja ni ya mrushaji mkuu. Ilikuwa yangu mpaka kiwiko kilipoharibika msimu wa vuli uliopita. Daktari ameshaniruhusu kurusha tena, kidogo kidogo. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo jinsi ya kuipokea bila majivuno.

Kocha akaita: "Namba moja, Dobashi!"

Dobashi! Anarusha kwa nguvu kama mzinga, na kama mzinga hajui risasi inakwenda wapi. Namba kumi akapewa Ukai, ambaye tumbo humsokota kila unapopigwa wimbo wa shule. Hao ndio warushaji wetu. Mungu atusaidie.

Mimi nimepata ishirini, ya mwisho kabisa. Kocha kasema bado hakiamini kiwiko changu, kwa hiyo nitakuwa mpeleka ujumbe. Katika besiboli ya shule kocha haruhusiwi kukanyaga uwanja mechi ikiendelea. Akiwa na neno kwa mrushaji, humtuma mchezaji wa benchi akimbie mpaka kwenye kilima cha kurushia, aseme, arudi. Kazi ya kasuku.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Tukishindwa mechi moja tu ya mashindano ya majira ya joto, sisi wa mwaka wa tatu tumekwisha. Lazima nisimame kilimani kabla ya hapo. Hata kwa mpira mmoja.

Mama amenishonea namba kwenye jezi. Kanifariji kwamba ishirini ni kubwa kuliko moja. Baba kajiongezea supu.

Alhamisi, 29 Juni

Mpango! Nimesoma katika kitabu cha vita vya kale kwamba jemadari hodari huonyesha nguvu pale alipo dhaifu. Basi nikabeba birika kubwa la chai ya shayiri kwa mkono wa kulia, nikapita mbele ya Kocha nikipiga mluzi. Sijui kupiga mluzi. Nilitoa hewa tu.

Kocha aliona. Alifurahi sana. Kasema kuanzia leo mabirika yote ni yangu.

Kiwiko kimevimba. Naandika nikiwa nimekilaza juu ya pakiti ya maharage ya barafu.

Jumapili, 2 Julai

Mechi ya kirafiki. Maafa. Dobashi kampiga mpigaji wao begani, kisha mwamuzi gotini, kisha birika la wageni. Ukai akaitwa kuokoa jahazi. Katikati ya kazi akainua mkono, akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kocha akavua kofia, akatazama ndani yake kana kwamba huenda mna mrushaji.

Nilifurahi. Kisha nikaona aibu. Kisha nikafurahi tena, lakini kimyakimya.

Baada ya mechi nilimfuata Kocha nimwambie kwamba niko tayari. Nikajikuta namwambia kwamba mwaka huu nyenje ni wengi. Akakubali kwamba ni wengi.

Jumapili, 9 Julai

Tumeshinda mechi ya kwanza ya mashindano, kwa sababu warushaji wao walikuwa wabovu kuliko wetu. Sikujua jambo hilo linawezekana.

Nilitumwa mara moja. Dobashi alikuwa amekosa shabaha mpaka wapigaji watatu wakapewa njia ya bure, vituo vikajaa. Kocha kasema nimwambie atulie, arushe katikati. Nikakimbia, nikaufikisha ujumbe neno kwa neno.

"Hayo tu?" kasema Dobashi. "Bwana Posta, hata bibi yangu angeniambia hayo, tena angeniletea na tonge la wali."

Wenzetu wakacheka. Mimi sikusikia vizuri. Viatu vyangu vilikuwa juu ya kilima kwa mara ya kwanza tangu vuli. Udongo ulikuwa laini, wenye joto. Nilisimama pale mpaka mwamuzi akaniuliza kama nimeota mizizi.

Nilipokuwa nikirudi benchi nikagundua jambo. Kocha hasikii ninachosema kule. Dobashi hasikii Kocha alichoniambia. Ujumbe ni wangu peke yangu!

Alhamisi, 13 Julai

Nitaandika haraka. Mkono unauma na sitaki kulia juu ya karatasi.

Mechi ya pili. Zamu ya mwisho ya wapinzani, tunaongoza kwa pointi moja. Wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa, na mwenzao yuko kituo cha pili. Mipira ya Ukai ilikuwa imekwisha kupigwa vibaya, naye amelazwa kivulini na taulo usoni. Dobashi yuko kilimani, jezi imemganda mwilini. Anakuja mpigaji wao mkubwa, shingo kama gogo.

Kocha kanishika bega. Nimwambie Dobashi asipambane na huyu. Ampe njia ya bure mpaka kituo cha kwanza, apambane na yule mwembamba anayefuata. Akili tupu. Hata mimi ningesema hivyo.

Nikakimbia. Nikafika. Nikamwambia Dobashi kwamba Kocha anamwonea huruma, ameona amechoka, na kama mkono umechoka kweli ainue tu kofia, nitaingia mimi.

Nilitarajia matusi. Dobashi akapangusa jasho usoni.

"Kocha amesema hivyo? Kwamba nimechoka?"

Nikasema ndiyo.

Akainua kofia. Benchi zima likasimama. Kocha akageukia benchi. Akatazama kulia, kushoto. Hakukuwa na mrushaji mwingine. Akaita namba ishirini.

Mimi! Kilimani!

Mpira wa kwanza: katikati kabisa, mpigaji hata hakutikisika. Kiwiko kikawaka moto, lakini moyo ulikuwa ukiimba. Hapo hapo akaja mbio mtoto wa mwaka wa kwanza, mjumbe mpya. Akainama kwa heshima.

"Kaka Fukatsu, Kocha anauliza: ujumbe uliupeleka wewe mwenyewe, umeusahau?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Lakini nani amengoja tangu vuli ili ampe mtu njia ya bure?

Nikarusha.

Mpira ulipanda juu sana. Ulikuwa mzuri kuutazama. Ukapita uzio, ukapita miti, wao wakapata pointi mbili, na majira yetu ya joto yakaenda nao.

Wote walilia. Kocha akaniuliza aliniambia nini. Nikasema mpira uliteleza kwa jasho. Akakitazama kiwiko changu, akasema kosa ni lake, hakupaswa kuniingiza. Heri angenizaba kofi. Kisha akamwuliza Dobashi kwa nini aliinua kofia. Dobashi akajibu kwamba alichoka. Basi.

Ndani ya basi mtu wa viti vya nyuma akasema namba moja imeomba likizo dakika za mwisho. Wakacheka kwa uchungu. Dobashi alitazama dirishani mpaka shuleni. Mimi nilifungua kitabu. Sikugeuza ukurasa.

Jumapili, 16 Julai

Mkono umefungwa shingoni. Daktari kasema nisirushe kitu mpaka mwakani, hata soksi. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mchana Dobashi alikuja na tikiti maji. Mama akamkaribisha barazani, tukala tukitema mbegu bustanini. Shuleni bado wanamwita Bwana Likizo. Kasema hajali. Kasema tangu aanze besiboli akiwa mdogo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kama amechoka, hata baba yake. Kocha ndiye wa kwanza. Kesho atakwenda kumshukuru. Akageuza uso, akajifanya mbegu imemkwama.

Ukweli ulinifika kwenye ulimi. Nilifungua mdomo kabisa. Nilimwona Kocha akimsikiliza Dobashi kesho, nikaona nyusi zake zikipanda taratibu.

Nikamwambia asijisumbue, Kocha bado ana msiba wa kushindwa, hapendi wageni. Shukrani zake nitazifikisha mimi.

Dobashi akanishika mkono wangu mzima. "Fukatsu, ndugu yangu, nilikuwa nakutania bure. Wewe ni mtu."

Ameshakwenda. Nimeketi natafakari maneno yake. Ni mazuri, lakini marefu. Neno la kofia nitaliacha. Huruma nitaiacha. Nitamwambia tu kwamba Dobashi anamshukuru kwa yote. Na kwa kuwa mwezi ujao kuna mechi ya kutuaga sisi wa mwaka wa tatu, nitaongeza kwamba Dobashi anapendekeza, tena kwa moyo wake wote, aanze kurusha Fukatsu. Mkono wa kushoto hauna kasoro yoyote.