Ripoti ya Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi
Siku tano tu! Ijumaa kipindi changu cha majaribio kinaisha. Nikishindwa, narudi kupima misumari dukani kwa baba mdogo, na baba mdogo ana mdomo. Kazi niliyopewa ni plagini, kiprogramu cha kuchomeka kwenye tovuti, iwakumbushe wagonjwa wa daktari wa meno kila wiki. Nyepesi. Taabu ni bosi kutaka ripoti kila siku saa mbili asubuhi, saa ambayo mimi bado nimekumbatia mto. Nimepata wazo! Humo humo kwenye plagini nimepachika kazi ya siri: kila asubuhi barua pepe iende yenyewe kwa bosi, imwambie niko mezani na mambo yanakwenda vizuri. Nina akili mpaka najiogopa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka saa tatu kwa raha zangu. Bosi kanuna. Ripoti haikwenda! Bi Taratibu, jirani yangu wa meza, anayekagua kila mstari mara tatu, kanieleza bila kuulizwa kwamba tovuti yetu haina saa yake: kazi iliyopangwa huamka pale tu mtu anapofungua ukurasa. Na nani afungue tovuti ya meno ambayo haijazinduliwa? Kauliza pia kama plagini yangu huangalia kwanza iwapo kazi ipo tayari kwenye ratiba kabla ya kuipanga. Nikasema ndiyo. Sikumwelewa. Ana wivu huyu.

Jioni nimempigia shangazi, nikamwomba afungue ukurasa kila siku saa mbili. Hakuuliza sababu. Alisema tu niwe nakula.

Jumatano, 5 Machi
Imefika! Bosi kanipongeza mbele ya Bi Taratibu. Shangazi naye kafurahi mno, kawaambia wenzake wote wa kikundi chao cha kina mama waifungue tovuti ya mtoto wao. Nani kama shangazi!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kumbe kila anayefungua ukurasa anaongeza ripoti nyingine kwenye ratiba. Na kikundi kizima kimefungua, kikarudia, kikaonyesha wajukuu. Bosi kapokea ripoti mia mbili na kumi na nne. Tisa ziliingia nimesimama mbele yake, zote zikiapa niko mezani! Nikasingizia mtambo wa barua. Nikazima plagini. Kimya. Nimepona! Ratiba sikuigusa. Ya nini?

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaja kuona kazi yake. Bosi kaniambia niwashe plagini. Nikawasha. Kumbe kuizima hakukufuta kitu kwenye ratiba. Ripoti zote zilikuwa zinanisubiri. Simu ya bosi ilitetemeka mpaka ikaanguka. Nimeona aibu, kweli nimeona aibu, machozi yalinilengalenga. Bi Taratibu kavuta kiti, kasafisha ratiba, kaongeza mstari mmoja wa kuuliza kwanza kama kazi ipo. Dakika nne. Kisha kamwambia bosi kwamba hata yeye aliwahi kukosea hivyo. Sidhani kama ni kweli. Bosi kaniongezea mwezi wa majaribio, kwa sharti kwamba kila Jumatatu nimwandikie nilichojifunza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetulia, nimetafakari. Nimeandika barua nzuri sana ya nilichojifunza, inayofaa wiki yoyote ile. Plagini itaituma yenyewe kila Jumatatu. Ule mstari wa Bi Taratibu nimeufuta. Ulinikataza kuipanga mara ya pili, na mimi safari hii nataka uhakika.