Kinga ya Umeme Iliyonipeleka Kinyumenyume Mbele ya Wakwe

Leo sina uso. Kama kuna mtu wa Muhumba, mtaa wa wakwe zangu, humu kwenye kundi, nakuomba ukae kimya mpaka nimalize, maana najua wewe umeshapata habari za majirani, na majirani wameongeza chumvi. (Kidogo tu. Haikuhitaji nyingi.)

Mnajua nimemchumbia Nsimire. Wasiojua sasa mnajua. Baba yake, Papa Faustin, ni mwalimu wa historia aliyestaafu, na ana goti bovu. Kutoka kwao mpaka kanisani ni kupanda tu, na mji wetu huu hauna barabara inayolihurumia goti la mtu. Pikipiki za abiria yeye hazitaki. Anasema hawezi kufa amekumbatia mgongo wa mtu asiyemjua. Kwa hiyo anakaa barazani, anasikiliza redio, anabishana nayo.

Basi siku moja mimi, mkwe mtarajiwa, mtu wa ofisi, kazi yangu kupanga safari za magari ya shirika, nikasimama mbele ya familia nzima nikatangaza: "Papa, nitakutengenezea kinga ya umeme." (Kinga ni baiskeli, enyi wa pwani mliojipenyeza kwenye kundi hili.)

Hakuna aliyeniomba. Naomba hilo likumbukwe.

Vifaa nilivitoa Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi. Betri. Gurudumu la nyuma lenye motor ndani yake. Na kisanduku kidogo cha kuugawa umeme, ambacho ndicho ubongo wa kila kitu. Nikaangalia video. Nikaangalia nyingine. Kufikia katikati ya wiki nilikuwa sijiiti tena Prosper, najiita ingénieur, yaani mhandisi. Nilimweleza motor kila mtu aliyekosa pa kukimbilia. Nilimweleza mlinzi wa ofisi. Nilimweleza kinyozi akiwa na wembe shingoni mwangu.

"Ndani ya motor kuna sumaku," nilikuwa nasema, "zimebandikwa duara lote kwenye gamba la nje. Katikati kuna nyaya za shaba zimeviringwa, hizo ni bobine. Umeme ukiingia kwenye bobine, nayo inageuka sumaku, inaivuta ile ya kwenye gamba. Ikikaribia tu, umeme unahamia bobine inayofuata. Ni kama mbuzi unayemwonyesha majani. Kila akitaka kuyala, unayasogeza mbele. Mbuzi anazunguka nyumba siku nzima na majani hapati!"

Kinyozi akakubali, "Njo vile," akaniomba nisitikise kichwa.

Na hapo sikukosea, mbuzi na majani yake ni sahihi kabisa. Shida ni kwamba sikuwahi kujiuliza mbuzi anazunguka kuelekea wapi.

Jana mchana nikamaliza kufunga kila kitu, nyumbani kwangu. Nsimire alikuja kuona. Nikaigeuza baiskeli miguu juu, ikasimama kwa kiti na usukani, kama wafanyavyo mafundi wa pancha. Nikazungusha mkono wa mwendo, ule wa kulia, kama wa pikipiki. Gurudumu likalia vuuuu! Nikarukaruka. Nsimire akapiga vigelegele. Jirani akachungulia.

Halafu nikatazama vizuri, nikakunja uso.

"Ah, non. Iko inaenda nyuma."

"Inaenda nyuma namna gani?" Nsimire akauliza.

"Tazama pale juu ya gurudumu. Inakimbilia nyuma. Baiskeli ikienda mbele, juu ya gurudumu inakimbilia mbele. Hiyo ni physique, chérie, ni fizikia."

"Lakini kinga iko miguu juu."

"Motor haijui kama iko miguu juu."

(Sentensi hiyo niliisema mimi. Kwa mdomo wangu huu. Na nilinyoosha kidole.)

Sasa, kwenye kile kisanduku kuna nyaya mbili ndogo nyeupe. Ukiziunganisha kwa muda kidogo, ubongo unajifunza upya, na motor inageuza upande wa kuzunguka. Nikaziunganisha. Nikaziachanisha. Nikazungusha mkono. Safi! Juu ya gurudumu sasa ikakimbilia mbele. Nikajipongeza kwa sauti.

Nsimire alikuwa ameshika kiuno.

"Mi naona uipande kwanza, hapahapa uani, ndani ya parcelle, mbele ya kuipeleka kwa papa."

"Chérie, unanizarau?"

"Sikuzarau. Nasema uipande."

"Nataka papa awe wa kwanza kuiona ikitembea," nikasema, nikaifunika na shuka kama gari jipya la waziri.

Leo baada ya misa nikaipakia kwenye gari la rafiki, nikashuka nayo Muhumba. Walikuwepo wote. Papa Faustin kwenye kiti chake, goti limefungwa kitambaa. Maman Georgette, mama mkwe wangu (Mungu akipenda bado), alikuwa ametandika meza ndefu uani: sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, fufu, na sufuria kubwa ya sombe (kisamvu, enyi wa pwani) iliyopikwa kwa mise ya chikichi. Kulikuwa na mashangazi. Na kulikuwa na Tonton Bisimwa, mdogo wake Papa, ambaye tangu siku ya kwanza ananitazama kama noti iliyochanika. Yeye alikuwa na daktari wake wa Goma aliyemtakia Nsimire. Mimi nilijua kabisa kwamba leo, mbele ya Papa, tunapimwa: daktari ambaye hayupo, na mimi niliyepo. Na siku ya kuja kuzungumza mahari ilikuwa bado haijatamkwa.

Nikaitoa shuka. Wakapiga makofi. Hapo ningenyamaza, ningepanda. Lakini mdomo ukaanza. Nikaeleza sumaku. Nikaeleza bobine. Nikamleta mbuzi na majani. Sambaza zinapoa, mimi niko na mbuzi.

"Na breki?" Tonton Bisimwa akaniuliza, akikata maneno.

"Breki ziko, tonton."

"Na ikikataa?"

"Umeme haukatai, tonton. Watu njo wanakataa."

Mashangazi wakacheka. Mmoja akasema, "Mutoto ana masomo, huyu!" Nikavimba. Kama mngenichoma sindano ningeruka mpaka kisiwa cha Idjwi.

Nikapanda. Mbele yangu njia nyeupe hadi getini. Nikapiga kelele: "Mbele yangu asikae mutu! Wote mupite nyuma, itatoka na nguvu!"

Wakanitii. Wote wakahamia nyuma yangu, kati yangu na meza, simu juu. Niligeuza shingo nikawaona, nikajisikia kama mgombea ubunge. Nikamkonyeza Nsimire. Yeye peke yake hakuwa nyuma. Alisimama pembeni, ukutani.

Nikazungusha mkono wa mwendo. Mpaka mwisho, kwa sababu mimi si mtu wa nusunusu.

Jamani.

Geti likaanza kwenda mbali.

Kwa sekunde ya kwanza nilifikiri ni geti linalosogea. Kweli kabisa. Akili ya mtu aliyesoma haikubali haraka. Halafu nikasikia mashangazi wanapiga mayowe, na sauti zao zinanikaribia.

"Inarudia nyuma! Inarudia nyuma!"

"Prosper, acha! Weye mutoto, acha!"

Kuacha nataka, lakini baiskeli iliporuka nyuma kifua changu kilitupwa kwenye usukani, nikaushika kwa nguvu zote, na kuushika kwa nguvu ndiko kuongeza mwendo. Akili ikisema breki, vidole vinasikia ongeza. Na pedali! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gurudumu la nyuma likirudi kinyume, pedali nazo zinazunguka kinyume. Zikanitoka miguuni, zikaanza kunichapa miundi, paa, paa, paa, kama mwalimu wa zamani.

Watu wakapasuka huku na huku. Tonton Bisimwa alikuwa wa mwisho kukimbia, kwa sababu alikuwa anafilm. Nilimpita karibu sana, nikaona uso wake, na uso ulikuwa na furaha.

Halafu meza.

Baiskeli ikasimama pale ilipogonga meza. Mimi sikusimama. Nikaruka kinyumenyume, nikapita juu ya sambaza, nikaketi. Niliketi vizuri, mgongo wima, kama mgeni wa heshima. Ndani ya sufuria ya sombe.

(Hapana, haikuwa ya moto. Nilikuwa nimeeleza motor kwa muda mrefu wa kutosha ikapoa. Ndiyo faida pekee ya hotuba yangu.)

Sambaza moja ilikuwa sikioni kwangu. Maman Georgette alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili, na nilishindwa kujua kama ananililia mimi au analilia sombe.

Wa kwanza kucheka alikuwa Papa Faustin. Mimi huyo mzee sijawahi kumwona meno. Leo nimeyaona yote, mpaka ya nyuma. Alicheka akapiga lile goti lake bovu, akasema aïe, akaendelea kucheka.

"Bokilo," Tonton Bisimwa akaniita, simu bado juu. Mara ya kwanza maishani ananiita mkwe. "Ulisema inatoka na nguvu. Ni kweli, imetoka."

Nsimire akaja. Nikanyoosha mkono aniinue. Akanipita! Akaenda kuinua baiskeli. Akaishika kwa kiti, akanyanyua gurudumu la nyuma juu kidogo ya udongo, akazungusha mkono wa mwendo polepole.

"Tazama sasa," akaniambia. "Juu inaenda wapi?"

Nikatazama, nikiwa bado sufuriani. Juu ya gurudumu ilikuwa inakimbilia nyuma.

Hapo ndipo nikaelewa, na kuelewa kuliniuma kuliko miundi. Ile sehemu niliyoiona jana juu, baiskeli ikiwa imegeuzwa, ndiyo leo iko chini, inagusa ardhi. Na tairi likiusukuma udongo kwenda mbele, baiskeli yenyewe inakwenda nyuma. Kwa hiyo jana, mara ya kwanza kabisa, motor ilikuwa inazunguka sawa. Ilikuwa sawa kabla sijaigusa. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa physique, na kidole nikanyoosha.

Motor haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa miguu juu.

"Unataka kusema kitu?" Nsimire akaniuliza.

"Hapana."

"Sema tu."

"Kinga ilikuwa miguu juu," nikasema kwa sauti ya chini.

"Sikusikia vizuri."

"ILIKUWA MIGUU JUU!"

Hata majirani waliokuwa juu ya ukuta wakapiga makofi.

Nikatoka sufuriani. Suruali ya misa, ya kitambaa cha kijivu, sasa ya kijani. Nikapiga magoti, nikaziunganisha tena zile nyaya mbili nyeupe, huku majani ya muhogo yananidondoka. Nikaziachanisha. Nikasema, "Sasa niijaribu." Maman Georgette, ambaye hajawahi kuniambia neno baya, akasema:

"Weye, hapana. Kaa mbali na meza."

Akapanda Nsimire. Akazungusha mkono kidogo tu, kama mtu mwenye akili. Baiskeli ikaondoka mbele, taratibu, ikatoka getini. Tukasikia vuuuu ikipanda kilima. Tukangoja. Akarudi anacheka, hajatoka hata jasho. "Papa," akasema, "inapanda yenyewe."

Papa Faustin akasimama. Maman akaanza, "Faustin, goti," lakini mzee alikuwa ameshashika usukani. Nikamshikia kiti mpaka getini, nikamwachia, na akaenda. Akapanda ile barabara ameketi wima, pedali hagusi, mkono mmoja anawapungia watu waliokuwa hawajamwona nje tangu mvua zilizopita. Kila geti alilopita lilifunguka. "Papa Faustin! Ni weye?" Tulimsikia kutoka chini akijibu: "Ni miye! Ni miye!" Maman Georgette alifuta macho na kona ya kitenge. Na mimi pia kidogo, lakini nilikuwa na kisingizio cha pilipili ya sombe.

Aliporudi alishuka mwenyewe. Akaniangalia juu mpaka chini, hasa chini.

"Mahari," akasema mbele ya wote, hata Tonton Bisimwa akashusha simu. "Tutaongea. Chagueni siku, wazee wako wakuje. Lakini weye, ile siku, ukuje na miguu."

Basi nimekubaliwa. Miundi yangu imevimba kama mihogo, niko kitandani na barafu, na Nsimire kanitumia ujumbe mmoja tu: "Bonne nuit, ingénieur." Yaani nilale salama, na hapo nje jua bado linawaka.

Mtaniomba video. Ya kurudi nyuma iko kila mahali, inasemekana imeshafika Kalehe, inaelekea Bunyakiri. Ya Papa Faustin akipanda kilima kwa kazi ya mikono yangu? Hakuna hata mtu mmoja aliyeichukua.

Anayetaka kucheka acheke nyumbani kwake, simu ikiwa imezimwa. Humu ndani admin ni mimi, na kwenye kuondoa watu nimeshahakikisha kitufe kinabonyezwa upande upi.