Umbali Umepunguzwa kwa Nusu

Ilitangazwa redioni, baada ya tarumbeta za bendi ya polisi, kwamba kuanzia Jumatatu umbali kati ya kiwanja cha ndege cha kusini na kile cha kaskazini umepunguzwa kwa nusu. Safari ya saa nzima sasa ingechukua nusu saa. Hakuna mlima uliosogezwa wala ndege mpya iliyonunuliwa. Mkurugenzi wa Safari za Anga aligonga muhuri kwenye waraka, basi.

Mkuu wa Nchi alifurahi, akamteua Mkurugenzi kuwa Waziri. Angeapishwa kaskazini, saa nne asubuhi. Naibu wake alimshauri wasafiri pamoja siku moja kabla. Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, nani analala hotelini kwa safari ya nusu saa?"

Naibu akatangulia peke yake.

Ndege iliruka saa tatu. Mkurugenzi alikaa dirishani, suti mpya imenyooka kama ubao, ubavuni pake bibi mmoja aliyepakata kikapu. Ilipotimu saa tatu na nusu, mhudumu alisimama, akatabasamu kwa mujibu wa waraka.

"Mabibi na mabwana, tumefika. Ahsanteni kwa kusafiri nasi."

Abiria wakapiga makofi. Mhudumu akakusanya vikombe vya chai, akafunga choo, maana safari ikiisha huduma nazo zimeisha.

"Mwanangu," bibi akasema, "mbona huko chini naona mawingu?"

"Tumeshafika, mama. Kilichobaki ni utekelezaji."

"Na huo utekelezaji hauna choo?"

Mkurugenzi akajikohoza. Swali lilikuwa nje ya idara yake.

Magurudumu yaligusa ardhi saa nne. Mkurugenzi akateremka mbio mbio, tai imepinda. Hapakuwa na zulia wala gari. Mlinzi wa mlango wa wageni mashuhuri akamsimamisha kwa kidole kimoja.

"Mimi ndiye Mkurugenzi. Dereva wangu yuko wapi?"

"Mzee, usinitafutie balaa. Mkurugenzi ametua saa tatu na nusu. Nimempigia saluti mwenyewe."

"Ulimwona?"

"Kuona si kazi yangu. Ndege ikifika, napiga saluti. Waraka ukasema imefika, nikapiga. Na dereva naye akangoja weee, akaona hatokei, akaenda zake."

Mkurugenzi akampigia simu naibu. Upande wa pili vilisikika vigelegele.

"Mzee, umejificha wapi? Mkuu kaambiwa umetua mapema, halafu huonekani. Kakasirika. Kasema asiyetaka uwaziri asibembelezwe. Nimetoka kuapishwa sasa hivi."

"Nilikuwa angani, bwana."

Naibu akashusha sauti.

"Mzee, neno hilo liishie hapa hapa kwenye simu. Waziri anasema wakati huo ulikuwa chini, kisheria."

"Waziri yupi?"

"Mimi."

Mkurugenzi akaketi kwenye ukingo wa barabara, suti mpya na vumbi vikafahamiana. Bibi akatokea na kikapu chake. Wajukuu zake, ambao hawakusoma waraka wowote, walikuwa wamekuja saa ile ile ya siku zote, na gari lao kuukuu lilikuwa likinguruma.

"Umekwama, mwanangu?"

"Nangoja usafiri, mama."

"Basi panda letu. Linakwenda polepole, lakini tukisema tumefika, unateremka."